Sura ya Saba: Kamera Inayokula Hasara

Kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro madereva wana lugha yao. Gari linalokuja mbele linapiga taa mara mbili, mchana kweupe, na kila aliyeziona anatoa mguu kwenye mafuta: mbele kuna tochi ya kupimia mwendo. Basi lililokuwa linatembea 95 linaingia kijijini na 48, linapita mbele ya trafiki kwa adabu zote, konda akimpungia mkono. Trafiki hana wa kumsimamisha. Nyumba za mwisho hazijaisha, mshale umesharudi ulikokuwa.

Anayekamatwa ni yule ambaye hakupigiwa taa, au aliyepigiwa akadhani anasalimiwa. Huyo anaandikiwa 30,000, anapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, na anaondoka na malalamiko ambayo utayasikia stendi yoyote nchini. Kwamba trafiki amekaa chini ya mwembe penye mteremko, mahali gari linajiendea lenyewe. Kwamba kibao cha 50 kipo, lakini kijiji chenyewe kimebaki nyuma. Na lile lalamiko kubwa kuliko yote: mbona hawakai pale kwenye kona inayoua watu? Jibu la stendi ni kwamba kwenye kona hakuna pesa, maana kwenye kona kila mtu anapunguza mwendo mwenyewe.

Nalipenda jibu hilo. Lina akili ndani yake, na lina kosa pia. Wakubwa wa usalama barabarani hulipuuza kama porojo za madereva, na kwa kulipuuza wanapoteza nafasi ya kujibu swali ambalo limezisumbua nchi tajiri zenye kamera za kisasa kwa zaidi ya miaka 30. Swali ni hili: mashine inayopima mwendo inaokoa watu, au inakusanya fedha?

Kwanza mwendo wenyewe. Gari linalotembea kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde; linalotembea 80 linakwenda mita 22. Dereva aliye macho, asiye na simu mkononi, hutumia kama sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Sasa mtoto anachomoka nyuma ya kibanda cha mkaa, mita 25 mbele. Lami ni kavu na matairi ni mazima. Dereva wa 50 atamfikia mtoto akiwa ameshapunguza hadi mwendo wa baiskeli, na huenda mtoto akaondoka na mguu uliovunjika. Dereva wa 80 atakuwa ameila karibu njia yote kabla breki hazijaanza kushika. Atamgonga akiwa bado kwenye sabini na kitu. Hapo hakuna hospitali ya wilaya itakayosaidia.

Msweden Göran Nilsson aliifanyia hesabu barabara nzima badala ya gari moja. Kanuni yake, ambayo Shirika la Afya Duniani linaitumia hadi leo, inasema kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, ajali zinazoua hupanda kwa karibu asilimia 4. Igeuze: wastani ukishuka kwa asilimia 5 tu, ajali zinazoua hupungua kwa karibu moja ya tano. Ndiyo maana watu wa fani hii hawahangaiki sana na yule kichaa mmoja wa 160. Wanahangaika na mamia ya watu wa kawaida wanaotembea 62 penye 50, ambao kila mmoja anaamini kwamba yeye si tatizo. Afrika ndilo eneo lenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo vya barabarani duniani, vifo 19 kwa kila watu 100,000 kwa mujibu wa ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023, ilhali magari yetu ni machache kuliko ya mabara mengine.

Kwa hiyo kupunguza mwendo kunaokoa. Hilo halina mjadala. Mjadala ni kama kamera inaupunguza.

Kamera ya mwendo, kwa bahati ya ajabu, haikutengenezwa na polisi. Ilitengenezwa na mtu aliyetaka kwenda kasi zaidi. Maurice Gatsonides, Mholanzi mwendesha magari ya mashindano aliyeshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1953, alitaka kujua anapoteza kasi kiasi gani kwenye kona, akaunda chombo cha kujipimia. Mwaka 1958 akaanzisha kampuni, na wateja wake wakubwa wakaja kuwa polisi. Hadi leo Waingereza wengi huita kamera hizo kwa kifupi cha jina lake, tena bila mapenzi.

Mwaka 2010 jopo la watafiti wa Cochrane lilikusanya tafiti 35 za kamera kutoka nchi mbalimbali na kuzipima pamoja. Karibu na kamera, ajali zilikuwa zimepungua kwa kati ya asilimia 8 na 49, na ajali za vifo na majeraha makubwa kwa kati ya asilimia 11 na 44. Mwelekeo ulikuwa mmoja. Lakini tazama upana wa namba hizo. Asilimia 8 na asilimia 49 si habari moja, na watafiti wenyewe walikiri kwamba nyingi ya tafiti walizozikusanya hazikuwa imara sana. Dereva mwenye hoja ya kona angeweza kuingilia hapo, na angekuwa na haki.

Tatizo la tafiti hizo ni la kimahesabu, na linawapotosha hata mawaziri. Uingereza kamera ziliwekwa mahali palipokuwa na ajali nyingi mbaya katika miaka mitatu iliyotangulia. Inaonekana ni busara. Ila ajali zina bahati ndani yake. Kipande cha barabara kinaweza kuua watu wanne mwaka huu, mmoja mwaka ujao na kisiue yeyote mwaka unaofuata, bila chochote kubadilika. Ukiweka kamera mara tu baada ya mwaka mbaya, mwaka unaofuata utakuwa na nafuu hata kama ungesimika mgomba. Ni sawa na mgonjwa anayekimbilia kwa mganga homa ikiwa kileleni: homa ingeshuka kesho yake kwa vyovyote, ila sifa na kuku vinabaki kwa mganga.

Ripoti kubwa ya Uingereza ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba penye kamera idadi ya watu waliokufa au kuumia vibaya ilishuka kwa asilimia 42. Magazeti yaliibeba namba hiyo juu kwa juu. Kwenye kiambatisho, ambako waandishi wa habari hawafiki, watafiti hao hao walichambua sampuli ya kamera za mijini na kukuta kwamba sehemu kubwa zaidi ya nafuu ilitokana na kule kurudi kwenye wastani baada ya mwaka mbaya. Kamera zilibaki na mchango wao, wa kweli, ila mdogo kuliko ule uliotangazwa. Mwaka 2010 Profesa Richard Allsop aliupitia ushahidi wote kwa uangalifu huo na akakadiria kwamba kuzizima kamera zote za Uingereza kungeongeza watu wapatao 800 waliokufa au kuumia vibaya kila mwaka. Hiyo ndiyo namba ninayoiamini zaidi, kwa sababu iliandikwa na mtu aliyeshayapunguza yale ya mganga.

Na lugha ya taa nayo imepimwa. Mwaka 2017 mtafiti wa London School of Economics, Cheng Keat Tang, alifuatilia ajali kuzunguka zaidi ya kamera 2,000 za Uingereza. Ndani ya mita 500 za kamera, ajali zilipungua kwa kati ya asilimia 17 na 39, na vifo zaidi ya nusu. Ukisogea, nafuu inayeyuka. Ukivuka kilomita moja na nusu, ajali zinaanza kuongezeka kuliko zilivyokuwa, maana madereva waliokanyaga breki mbele ya kamera wanafidia muda wao mbele ya safari. Basi letu la Morogoro liko kwenye jedwali la Waingereza.

Sasa fedha. Ni uongo kusema fedha hazimo, na serikali zinazosema hivyo zinajidhuru zenyewe.

Kuanzia mwaka 2000 Uingereza iliruhusu ushirikiano wa polisi na halmashauri kubaki na sehemu ya faini ili kulipia gharama za kamera; ziada ilikwenda Hazina. Kamera zikaongezeka upesi. Watu wakaanza kunung'unika kwamba wanakamuliwa, na serikali ikaamuru kamera zipakwe rangi ya njano zionekane kutoka mbali, amri ambayo mtu anayetaka pesa asingeitoa. Mpango huo wa faini ulikomeshwa mwaka 2007. Kilichofuata kinafundisha zaidi ya mpango wenyewe. Fedha za faini zilipokuwa zinakwenda zote serikali kuu, huku gharama zikibaki kwa halmashauri, halmashauri ya Swindon ikazima kamera zake za kudumu mwaka 2009. Oxfordshire ikafuata Agosti 2010, baada ya ruzuku ya usalama barabarani kukatwa. Miezi minane baadaye, Aprili 2011, Oxfordshire ikaziwasha tena, polisi wakisema mwendo na majeruhi vimepanda. Yaani halmashauri ilizizima kwa sababu zinaleta hasara. Ng'ombe wa maziwa hachinjwi kwa sababu ya gharama ya majani.

Chicago hadithi ni nyingine. Huko ofisa wa jiji, John Bills, alihukumiwa kifungo mwaka 2016 kwa kupokea hongo kutoka kampuni iliyouza kamera za taa nyekundu. Jiji lilikuwa limefunga mamia ya kamera hizo. Mwaka 2021, bajeti ikiwa imetoboka baada ya korona, Meya Lori Lightfoot alishusha kiwango cha kuanza kutoza kwenye kamera za mwendo: kutoka maili 10 juu ya kikomo hadi maili 6, ambazo ni karibu kilomita 10, faini ikiwa dola 35. Mwaka uliofuata wanahabari wa ProPublica walionyesha kwamba kaya za mitaa ya watu weusi na Walatino zilikuwa zikiandikiwa faini kwa kiwango cha karibu mara mbili ya mitaa ya wazungu. Sababu moja ilikuwa barabara zenyewe: mitaa hiyo ina barabara pana, zilizonyooka, zinazomwita dereva akanyage mafuta. Wakati huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, walikuta kamera za mwendo zimepunguza ajali za vifo na majeraha makubwa kwa asilimia 15. Haya yote ni kweli kwa pamoja. Kamera ziliokoa watu, zilinenepesha bajeti, na mzigo ulikaa zaidi kwenye mabega ya maskini. Anayekulazimisha uchague moja anakuficha mengine mawili.

Halafu Kampala. Juni 2025 Uganda iliwasha mfumo wa faini za kamera, unaosoma namba za magari na kutuma deni kwa mwenye gari. Ukipita kikomo, faini ilianzia shilingi 200,000 za Uganda. Ukikipita kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa, ilikuwa 600,000. Kwa mwenye bodaboda, faini moja ya 200,000 inameza mapato ya siku nyingi. Kwenye baadhi ya maeneo ya mjini kikomo kilikuwa 30, na madereva wakalalamika kwamba hawakioni kibao. Gumzo likahamia kwenye mkataba na kampuni ya Kirusi iliyoweka mfumo, nani anachukua fungu gani. Siku chache baadaye Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Jenerali Katumba Wamala, akausimamisha mfumo ili ukaangaliwe upya.

Sitaki kuibeza kamera ya Kampala. Mji ule unahitaji kitu cha kupunguza mwendo kuliko miji mingi duniani. Kilichoiangusha ni mpangilio: faini kubwa, vibao vichache, onyo dogo, na mkataba ambao mwananchi hakuusoma. Ukiwa na hivyo vinne, hata kamera ya malaika itaonekana ya mnyang'anyi.

Hapa nakuja kwenye kipimo changu, na ni kipimo cha mhasibu zaidi kuliko cha polisi. Kamera inayofanya kazi yake huharibu biashara yake. Mwezi wa kwanza inaandika faini nyingi, mwaka wa pili chache, na mwaka wa tano inasimama pale ikila umeme na matengenezo bila kumkamata mtu, kwa sababu watu wamezoea kupita taratibu. Kamera ambayo mapato yake hayashuki mwaka hadi mwaka imeshindwa kubadilisha tabia ya madereva, au imewekwa mahali ambapo kikomo hakilingani na barabara. Swali la kumuuliza mwenye kamera, basi, ni hili: siku isipoleta hata shilingi, wewe utalia au utashangilia? Mkandarasi anayelipwa kwa asilimia ya faini atalia, hata akiwa mcha Mungu. Anayelipwa ada ile ile kila mwezi kwa kuitunza mashine hana sababu ya kulia.

Sweden wameijenga kamera inayoruhusiwa kula hasara. Kamera zao hutanguliwa na kibao kinachomwambia dereva kwamba kamera ipo mbele. Faini huingia Hazina ya taifa. Mamlaka ya barabara haipati kitu. Na kamera haziwashwi zote kwa wakati mmoja: nyingi husimama zikiwa zimelala, dereva asijue ipi iko macho. Mkusanya kodi asingekubali upuuzi huo.

Waskoti wamelijibu tatizo la basi letu la Morogoro. Kwenye barabara ya A9, kutoka Dunblane hadi Inverness, tangu Oktoba 2014 kamera hazipimi mwendo wa hapo ulipo. Zinasoma namba ya gari mwanzoni mwa kipande, zinaisoma tena mwishoni, kisha zinagawanya umbali kwa muda. Kupigiana taa hakusaidii, wala kukanyaga breki mbele ya nguzo. Kabla ya kamera hizo karibu gari moja kati ya matatu lilikuwa linapita kikomo. Baadaye likawa moja kati ya kumi na tano. Utafiti wa RAC Foundation wa mwaka 2016, uliozingatia kurudi kwenye wastani, ulikuta kamera za aina hiyo kote Uingereza zimepunguza ajali za vifo na majeraha makubwa kwa asilimia 36. Na faini zake ni chache, kwa sababu karibu kila mtu anatii.

Tanzania tunayo chembe ya wazo hilo tayari. Mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwenendo wa gari ambacho LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, inakisoma safari nzima, si mbele ya trafiki tu. Dereva wa basi anayekijua kifaa hicho ana sababu ya kutembea 80 hata porini ambako hakuna mwembe wa kujificha mtu. Lori na gari dogo havina kitu cha namna hiyo, na kwao tochi ya mkononi bado ndiyo sheria yote.

Rwanda ilikwenda haraka kuliko wote ukanda huu. Baada ya kampeni ya usalama barabarani ya Gerayo Amahoro iliyoanza mwaka 2019, polisi walisambaza kamera Kigali na kwenye barabara kuu, na watu wakazibatiza Sofia. Mwaka 2021 malalamiko yalikuwa makali: vikomo vya 40 kwenye barabara pana, na faini zinazoingia kwenye simu mfululizo. Rais Kagame mwenyewe aliingia kwenye mjadala mtandaoni, akakubaliana na walalamikaji kwamba kikomo kilikuwa chini mno na kusema alishazungumza na polisi. Kamera zilibaki. Nadhani somo la Kigali liko kwenye hatua hiyo ndogo: kikomo kilijadiliwa peke yake, kamera peke yake. Kwetu tunavichanganya. Dereva anayelalamikia tochi mara nyingi analalamikia kibao, na kibao hakikuwekwa na trafiki. Kiliwekwa na watu wa barabara, pengine miaka mingi kabla kijiji hakijahama.

Upande wa pili wa bahari Kanada wamekata tamaa. Waziri Mkuu wa jimbo la Ontario, Doug Ford, alitangaza kwamba kamera za mwendo ni mradi wa pesa, na tangu Novemba 2025 zimepigwa marufuku jimboni kote. Miezi michache kabla, watafiti wa hospitali ya watoto ya SickKids walikuwa wameonyesha kwamba kwenye maeneo ya shule za Toronto kamera zimepunguza magari yanayopita kikomo kwa asilimia 45. Ford aliahidi fedha kwa manispaa ili ziweke matuta, mizunguko na vibao vikubwa badala yake.

Matuta! Mtanzania hahitaji kuelezwa. Na ushahidi wake upo hapa hapa Afrika: kwenye makutano ya Suhum, barabara ya Accra kwenda Kumasi nchini Ghana, matuta madogo ya kutikisa gari yalipunguza ajali kwa karibu asilimia 35 na vifo kwa karibu asilimia 55. Tuta halina mkataba, halitumi deni kwenye simu, na halijui kupokea kitu kidogo dirishani. Wala halichagui mchana na usiku. Hata hivyo panda lori la mzigo kutoka Chalinze hadi Segera usikie dereva anavyoyatukana matuta, kwa maneno makali kuliko anayoyatoa kwa trafiki. Springi zinakatika na gari la wagonjwa linachelewa, na tuta lisilo na alama wala rangi linaweza lenyewe kumpindua mgeni wa njia usiku. Kijijini, penye shule na gulio, ningeweka tuta lililopakwa rangi na kuachana na tochi. Njia ndefu kati ya kijiji na kijiji, ambako tuta ni hatari na trafiki hawezi kukaa kutwa, ningeweka kamera za wastani kama za A9, na mkataba wake ningeubandika ukutani stendi, na mapato ya kila mwezi yakiandikwa chini yake, ili kila konda aone kama yanashuka.